Aliyeiacha Swichi ni Mimi

Televisheni ya mama haikuunguzwa na mdogo wangu. Niliiunguza mimi, kisha nikamwacha yeye achapwe, arudishwe kijijini na kubandikwa jina ambalo watu wazima wanamwita hadi leo. Yeye nimekwisha kumwambia, mama nimemwambia, na mama mdogo pia. Waliobaki ni wengi mno kuwafuata mlango kwa mlango: majirani wa mtaa wetu wa zamani Tanga, watoto tuliosoma nao, mashangazi na wajomba waliosikia habari ile harusini na matangani wakaipeleka mbele. Hao ndio ninaowaandikia.

Nikisema mdogo wangu, nina maana mtoto wa mama mdogo. Aliletwa kwetu kutoka kijiji kimoja cha Korogwe akiwa anaanza darasa la tatu, kwa kuwa mama alimwomba mdogo wake amwachie mtoto mmoja asomee mjini. Mimi nilikuwa darasa la tano. Tulilala kitanda kimoja, tukala sinia moja, na mchana tuligawana kitu ambacho nyumba nyingine za mtaa ule hazikuwa nacho: gemu.

Gemu lenyewe lina haki ya kuelezwa vizuri, maana lilibeba lawama pamoja naye. Linaitwa Chip 'n Dale Rescue Rangers. Lilitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1990, kutokana na katuni ya watoto ya Disney iliyokuwa ikionyeshwa Marekani miaka hiyohiyo. Chip na Dale ni aina ya kindi wadogo wenye milia mgongoni. Disney iliwaonyesha mara ya kwanza mwaka 1943, wakiwa wachokozi tu wa mbwa Pluto. Katuni ya 1989 ndiyo iliyowavika nguo na kuwapa kazi. Chip alivaa kofia na jaketi, Dale shati la maua, na wakiwa na panya wawili, Gadget aliye fundi wa kila kitu na Monterey Jack mwenye masharubu, pamoja na nzi aitwaye Zipper, wakawa kikosi cha kushughulikia kesi ndogondogo ambazo polisi wasingehangaika nazo. Adui wao mkubwa ni Fat Cat, paka bonge mvaa suti.

Ndani ya gemu hilo hakuna bunduki wala damu. Kindi hao ni wadogo kuliko karibu kila kitu kinachowazunguka, kwa hiyo silaha yao ni vitu wanavyovikuta njiani. Wanabeba kisanduku na kumrushia adui, au wanajikunyata ndani yake adui ajigonge mwenyewe. Tufaha ni zito kwao. Ukilibeba huwezi kuruka juu sawasawa. Kuna mahali mabomba yanamwaga maji njiani, na unalazimika kurukia koki kuifunga ndipo upite. Kila mchezaji ana mioyo mitatu. Akiumizwa unapungua mmoja, akiokota kokwa la mwaloni, ambalo sisi tuliliita njugu, unarudi. Mwisho wa steji kuna bosi na mpira mwekundu wa kumpigia, mpira mmoja tu. Na wachezaji wawili wanacheza kwa wakati mmoja, kwenye skrini moja. Kwetu hilo ndilo lililolitofautisha na mengine. Magemu mengi tuliyoyajua yalikuwa ya zamu: wewe cheza ufe, kisha nicheze mimi. Hili liliwataka ndugu wawili waende pamoja, na waliolitengeneza waliongeza jambo moja ambalo nimelifikiria karibu maisha yangu yote. Mchezaji anaweza kumbeba mwenzake kwa kitufe kilekile anachobebea kisanduku. Ukimbeba, unaweza kuvuka naye mahali anapoogopa. Unaweza pia kumtupa shimoni.

Lilitufikiaje Tanga? Nintendo ilianza kuuza mashine yake ya Famicom huko Japani Julai 1983, kwa yeni 14,800. Tofauti na ile iliyouzwa baadaye Marekani kwa jina la NES, Famicom haikuwa na kufuli ya kielektroniki ya kukataa kaseti zisizo rasmi, na viwanda vya Asia vikaiga mashine pamoja na kaseti zake kwa wingi mkubwa. Nakala hizo ndizo zilizofika mahali ambako Nintendo yenyewe haikuwa na duka. Yetu ilitoka Dubai ndani ya begi la mjomba, aliyekuwa akifuata bidhaa huko: mashine nyepesi ya plastiki, pedi mbili, adapta, na kaseti ya njano yenye picha isiyohusiana kabisa na kilichokuwamo. Katuni yenyewe hatukuwahi kuiona. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na sisi tulikuwa bado tunatazama chochote kinachoonekana bila kuchagua. Kwa hiyo Chip na Dale kwetu walikuwa panya wawili, mwenye kofia na mwenye pua nyekundu, na habari zao ilibidi tuzitunge.

Mtungaji alikuwa yeye. Alisema panya wale ni ndugu, mwenye kofia ni kaka mtu, na wote wawili wanamtafuta dada yao. Hakuwa mbali na ukweli, maana katika gemu hilo Fat Cat amemteka Gadget, na safari yote ni ya kwenda kumtoa.

Alicheza kwa tabia yake ileile ya nje ya gemu. Nikibaki na moyo mmoja, na njugu ikatokea karibu naye, aliiruka akaniachia. Hakuna kinachomlazimisha mchezaji kufanya hivyo. Alisema tu, "Chukua wewe, kaka," macho yakiwa hukohuko kwenye televisheni.

Mimi nilimbeba na kumtupa. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, nilidhani nashika kisanduku. Alicheka, nami nikacheka. Baada ya hapo haikuwa bahati mbaya tena. Nilimtupa akiwa na laifu ya mwisho ili nibaki peke yangu na bosi na ule mpira. Nilimtupa siku matokeo ya mtihani yalipotoka, yeye akawa ameshika nafasi ya juu darasani kwao, na mama akamsifu mbele ya wageni. Nilimtupa pia siku ambazo hapakuwa na sababu yoyote. Pedi ya kwanza ilikuwa yangu daima. Nilikuwa nasema mashine ni yangu, ingawa mjomba aliyeileta alikuwa mjomba wake vilevile, na alipoitoa begini alisema, "Hii ya kwenu." Baadaye mdogo wangu aliacha kucheka. Alikuwa anaiweka pedi chini kwenye mkeka, anauzungusha waya wake taratibu, na kungoja nimalize.

Televisheni ilikuwa ya inchi 14. Mama alikuwa muuguzi, na aliinunua zamu yake ya upatu ilipofika. Aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Jioni majirani walikuja kutazama taarifa ya habari, wakubwa vitini, watoto mkekani, na mama alipenda sana kuwa mwenyeji wao. Miaka ile ya mgao wa umeme ilikuwa mibaya kwa vyombo. Umeme ulikatika bila taarifa na kurudi kwa kishindo, na kila mtaa ulikuwa na friji au redio iliyokufa kwa namna hiyo. Kwa hiyo mama alinunua stabilaiza akaweka sheria mbili. Televisheni isitolewe kwenye stabilaiza. Na umeme ukikatika, ichomolewe, isirudishwe mpaka umeme utulie.

Sheria ya kwanza niliivunja kila tulipocheza. Stabilaiza ile ilikuwa na tundu moja tu la kutolea umeme, na adapta ya gemu nayo ilihitaji tundu. Nilichomoa televisheni, nikaenda kuchukua ekstensheni ya pasi chumbani kwa baba, nikachomeka humo televisheni pamoja na adapta, na ekstensheni nikaipeleka moja kwa moja ukutani. Kabla mama hajarudi nilirudisha kila kitu mahali pake, na kitambaa juu, kwa mikunjo ileile. Mdogo wangu aliniona nikifanya hivyo kila mara, na hakuwahi kunisema kwa mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mama akiwa zamu. Tulikuwa tumefika kwa Fat Cat. Anakaa pale na sigara yake akiwarushia majivu, na sisi hatukuwahi kufika mbali namna hiyo. Gemu lile halihifadhi chochote. Likizimika, unaanza upya barabarani, steji ya kwanza kabisa. Umeme ukakatika. Niliipiga pedi sakafuni. Yeye akasimama na kusema, "Kaka, tuchomoe."

Nikamwambia anyamaze. Nilitaka umeme ukirudi tu nianze palepale, nisipoteze hata dakika. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani, nikamsukuma. Kisha nikampa hela nikamtuma dukani, si kwa kuwa tulihitaji kitu, bali kwa kuwa sikutaka kumwona. Mimi nikatoka uani. Umeme uliporudi nilisikia mlio mmoja mkavu kutoka sebuleni, na nilipofika mlangoni chumba kilikuwa kinanuka plastiki iliyoungua. Nyuma ya televisheni, kwenye vile vitundu vya kupitishia hewa, moshi mwembamba ulikuwa unatoka.

Nilichofanya hapo ndicho kinachonilazimu kuandika. Nilirudisha ekstensheni chumbani kwa baba. Nikaichomeka televisheni iliyokwisha kuungua kwenye stabilaiza. Pedi ya kwanza nikaizungushia waya na kuificha kabatini chini ya nguo zangu. Ya pili, ile aliyoishika yeye siku zote, nikaiacha mkekani mbele ya mashine. Kisha nikaenda uwanjani kucheza mpira ili wenzangu wanione. Nayasema haya yote ili asitokee mtu wa kunitetea kwamba nilikuwa mtoto, nikaropoka kwa hofu. Hofu ilikuwapo. Lakini nilipanga.

Mtu anayezijua mashine zile angeona uongo huo mara moja. Pedi ya pili ya Famicom, na ya nakala yetu vilevile, haina kitufe cha kuanzia. Peke yake haiwezi hata kulianzisha gemu. Mama hakuyajua hayo. Baba hakuyajua. Nyumba nzima tuliojua tulikuwa wawili tu.

Jioni mama aliuliza nani alikuwa wa mwisho kutoka sebuleni. Nilisema mimi nilikuwa uwanjani tangu mchana, aliyebaki na gemu ni yeye. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, chenji ya dukani bado iko mkononi. Alinitazama, akaitazama pedi mkekani, akanitazama tena. Halafu akapiga magoti akasema, "Nisamehe, mama mkubwa."

Miaka mingi nilijipa maelezo yangu kuhusu msamaha ule. Nilijiambia labda alidhani kweli ni kosa lake kwa vile aliniacha nisichomoe. Niliyaamini hayo kwa kuwa yalinifaa. Ukweli ni kwamba mtoto anayelelewa kwa watu anajua mapema neno la nani litasikilizwa. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na alijua kwamba akisema, itakuwa kauli yake dhidi ya kauli ya mtoto wa nyumba. Baba alimchapa kwa mkanda. Mimi nilikuwa chumbani, kitandani petu, na nilisikia.

Jumatatu fundi alikuja akafungua kifuniko cha nyuma, akavuta pumzi na kusema pawa saplai imeungua na flaibeki imekwenda nayo, na kwamba haya magemu yenu ndiyo yanaua televisheni za watu. Watoto wa majirani walikuwa dirishani. Neno la flaibeki walikuwa hawajawahi kulisikia, likawafurahisha, na kabla ya jua kuzama lilikuwa limekwisha kuwa jina lake. Lilimfuata shuleni. Shule ilipofungwa mama alimrudisha Korogwe na barua. Sikuisoma barua ile, lakini najua ilisema nini, maana baada yake mama mdogo hakuja tena kwetu Idi wala harusi. Dada wawili waliolelewa nyumba moja wakawa wanakutana misibani tu, na hata huko mmoja akikaa upande huu, mwingine anakaa kule. Jina la Flaibeki lilifika Korogwe pia. Mtoto mmoja wa ukoo alilipeleka huko wakati wa likizo.

Gemu liliwekwa juu ya kabati, kisha likagawiwa kwa watu. Kwa hilo nilinyamaza vilevile, na kunyamaza kule kukageuka kuwa kosa la pili, la ukubwani. Nimewahi kusimama kwenye kikao cha wazazi, watoto wangu wakiwa chekechea, nikasema kwamba nyumbani kwetu gemu lilitugombanisha ndugu na kutuharibia nyumba, na kwamba mzazi mwenye akili aliogope. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nilikaa chini nikiwa nimeshangiliwa kwa uongo uleule wa utotoni, safari hii ukiwa umevaa suti.

Nataka kuwa mkweli juu ya gemu lile. Halikunifundisha ukatili. Wale wa Capcom, chini ya mtayarishaji wao Tokuro Fujiwara, walitengeneza mchezo ambao mtoto wa darasa la tatu aliweza kuucheza na wa darasa la tano bila mmoja kuachwa nyuma. Muziki wa Harumi Fujita uliomo ni mchangamfu kiasi kwamba bado naweza kuupiga mluzi. Siku hizi Ulaya magemu huwekewa alama za PEGI, 3 kwa yale yanayofaa hata kwa wadogo kabisa, na Marekani herufi E kwa yanayomfaa kila mtu. Alama hizo zina kazi na mzazi azisome: zinaeleza kama ndani kuna damu, matusi au kamari. Lakini zinaishia kwenye kaseti. Kuhusu nani anashika pedi ya kwanza kila siku, nani anatupwa shimoni kila siku, na nani mgeni katika nyumba ile, hakuna alama, na mzazi atayaona tu akikaa mkekani. Mama yangu alijitahidi kuilinda televisheni. Hakukaa hata mara moja kututazama tukicheza, na simlaumu, alitoka kazini amechoka. Nasema tu kwamba angekaa kidogo angeona jinsi nilivyokuwa namfanyia mtoto wa mdogo wake.

Watoto wangu ndio walionionyesha. Mwaka 2017 Capcom walitoa mkusanyo uitwao The Disney Afternoon Collection, magemu sita ya zamani katika toleo moja, na hili limo. Miaka kadhaa baadaye niliupata kwenye kompyuta nikawawekea, mvulana na mdogo wake wa kike, nikawaonyesha vitufe. Mkusanyo ule umeongezewa kitu kisichokuwapo kwenye kaseti yetu: kitufe cha kurudisha nyuma. Ukikosea, unakibonyeza na mchezo unarudi ulipotoka. Haikupita muda mrefu mwanangu akambeba dada yake akamtupa shimoni. Binti yangu hakucheka. Aliiweka pedi chini kwenye zulia. Kaka yake akamtazama, akabonyeza kitufe, na yule Dale mwenye shati la maua akapanda kutoka shimoni na kutua alipokuwa amesimama. "Samahani, nimekosea," akasema. Binti akaiokota pedi yake.

Niliona kwamba mwanangu, katika umri uleule niliokuwa nao mimi, ameweza kusema neno nililoshindwa kulisema mpaka nikaota mvi. Usiku huo nilimpigia simu mdogo wangu.

Ana duka la vifaa vya ujenzi Korogwe, ana mke na watoto, na tulikuwa tukisalimiana kwenye simu mara mojamoja, kwa adabu. Nilimweleza yote: ekstensheni, stabilaiza, pedi iliyofichwa chini ya nguo. Sikuomba msamaha kwanza, niliona nisimtwishe kazi ya kunisamehe kabla hajasikia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pedi ya pili haina kitufe cha kuanzia, kaka. Usiku ule nilikuwa nangoja mtu aulize."

Nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Mama mkubwa anajua?" Nikasema hajui. "Basi hukutakiwa kuanza na mimi. Mimi nilikuwa najua." Akakata simu kwa salamu ya heshima, ileile ya siku zote.

Mama nilimwendea Tanga. Siku hizi ni mzee, anasumbuliwa na magoti, na nilimkuta anachambua mchele barazani. Aliendelea kuchambua nilipokuwa naongea, mpaka nilipofika kwenye pedi, ndipo mikono ikasimama. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: kama mtoto yule alitaka kuchomoa. Nikasema ndiyo, alitaka, nikamsukuma. Akauweka ungo chini akasema, "Nitafutie basi la Korogwe."

Nilikwenda naye. Sitasimulia yote yaliyosemwa nyumbani kwa mama mdogo, mengine ni ya dada wawili peke yao, na nilipelekwa nje kabla hayajaisha. Nililolisikia ni hili. Mama alisema, "Mdogo wangu, mwanao hakuiunguza. Nilikuandikia uongo." Na mama mdogo akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba alipoisoma ile barua aliona aibu, na mtoto aliposhuka kwenye basi na sanduku lake, yeye naye alimchapa.

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimehesabu mkanda wa baba, jina la utani, shule ya mjini aliyoikosa, na ugomvi wa dada wawili. Kwamba alichapwa tena na mama yake mwenyewe kwa kosa langu, nililisikia siku ile nikiwa mtu mzima, nimesimama kizingitini na viatu mkononi.

Mdogo wangu hajaniambia amenisamehe. Simwombi aharakishe, na watu wa ukoo wanaomshinikiza kwamba yaliyopita si ndwele, tena mbele yangu, nawaomba waache, maana ndwele si yao. Tunaongea zaidi kuliko zamani. Safari moja alikuja Dar es Salaam kununua mzigo akalala kwetu, watoto wakamkalisha mbele ya gemu, wakampa pedi ya kwanza. Alilikumbuka kila koki na kila kisanduku. Mimi sikucheza, nilikaa nikatazama, na niliona bado anaacha njugu kwa mwenzake.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulifanya peke yangu. Pale standi ya Korogwe, sokoni, na hata kwa baadhi ya ndugu, bado anaitwa Flaibeki. Wengi wanaomwita hivyo hawajui lilikotoka, wanadhani ni utani tu, na yeye anaitika kwa kuwa amechoka kukataa. Lilitokana na uongo wangu. Ninyi mliolisikia Tanga na ninyi mliolipokea Korogwe, nawaomba: lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Yeye mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake.